Swali la lugha: Mwenye treka "hutunga" muziki wa dansi?

Swali: Nafanya muziki wa kasi kwenye kompyuta, kwa programu za aina ya treka, zile ambazo noti unaziandika kwenye jedwali na kompyuta inazipiga. Nilijieleza hivi: "Natunga muziki wa dansi kwa sampuli", yaani vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa. Rafiki mmoja akanipinga kuwa anayekata sauti za wenzake hatungi, anaunganisha tu. Mwingine akauliza bendi yetu inaitwaje. Niandikeje?

Jibu: Huyo wa kwanza kakuonea. Wa pili ana hoja.

"Kutunga" si kwa nyimbo na mashairi peke yake. Watu hutunga shanga, hutunga asumini, na mvuvi akishapitisha ukambaa kwenye matamvua ya samaki wake anaondoka na mtungo. Hakuna anayemuuliza mtunga shanga kama alizitengeneza mwenyewe. Kitenzi hiki kinatazama mpangilio: kipi kitangulie, kipi kifuate, wapi paachwe nafasi.

Sasa itazame treka yenyewe. Tangu Mjerumani Karsten Obarski alipotoa Ultimate Soundtracker kwa kompyuta za Amiga mwaka 1987, umbo lake halijabadilika sana: mistari inayoshuka kutoka juu kwenda chini, mara nyingi 64 kwa ukurasa, na kwa Amiga ya wakati ule chaneli nne tu, yaani sauti nne kwa wakati mmoja. Ukiandika C-2 01, umeagiza sampuli namba 1 ilie kwa noti ya C ya oktavu ya pili. Ngoma kubwa ukiiweka kwenye mistari ya 0, 4, 8 na 12, watu wanasimama kucheza. Ukiongeza amri 908, sampuli haianzi mwanzoni bali inarukia baiti ya 2,048, yaani mahali fulani mbele ndani ya sauti hiyo. Hivyo ndivyo kipande cha ngoma cha sekunde chache, kwa mfano kile maarufu cha bendi ya Marekani The Winstons cha 1969, kinavyokatwakatwa na kupangwa upya hadi mpigaji mwenyewe asikitambue. Kama huko si kutunga, basi hata mshairi hatungi, kwani maneno aliyakuta.

"Kutengeneza biti" nako ni sawa, na studioni ndiyo lugha ya kila siku. Ila neno hilo linabeba mengi. Fundi baiskeli naye anatengeneza. "Kupiga" ningekiacha hapa. Mchiriku unapigwa, maana kuna mtu na kinanda chake cha Casio mbele ya watu. Wewe umeandika, mashine ndiyo inayopiga.

Tatizo liko kwenye "muziki wa dansi". Kwa msomaji wa Tanzania hilo ni jina la muziki wa bendi: magitaa, tarumbeta, saksafoni, ukumbi wa Jumamosi, bendi kama Msondo na Sikinde. Kwamba watu wanaucheza si hoja, kwani hata taarabu inachezwa na haiitwi dansi. Ndiyo maana ukaulizwa bendi. Taja aina kwa jina lake: singeli, haus, jungle. Ukitaka neno la jumla, andika "muziki wa kielektroniki wa kuchezeka". Ni refu, najua, lakini halimpeleki mtu Sikinde.

Kwa hiyo: "Natunga singeli kwa treka, kwa kutumia sampuli." Kwenye mazungumzo "nimesampo" haina ubaya, kwenye maandishi napendelea "nimechukua sampuli", kama wasemavyo maabara kuhusu damu. Na uangalie umilikishi: "sampuli zangu" inaweza kumaanisha ulizorekodi mwenyewe au ulizozikata kwenye rekodi za watu. Kama ni hizo za pili, andika "sampuli nilizozikata", na useme ulizikata wapi.