Sheria, polisi au ustawi wa jamii? Jibu kwa dada wa Koboko

Dada wa Koboko, salaam. Swali lako nimelisoma mara mbili, kisha nikasoma na waliokujibu. Mdogo wako amemaliza kidato cha sita, S6, na masomo ya Historia, Uchumi na Fasihi. Baba yenu mdogo yuko tayari kuuza kiwanja ili kijana asome sheria, kijana mwenyewe moyo wake uko polisi, na mama anasema kazi ya ustawi wa jamii ni ya kugawa sabuni kwa wakimbizi. Unauliza afuate lipi, na kiwanja kiuzwe au la. Walionitangulia wamekujibu kwa mkato: "sheria ina pesa", "polisi ni mateso", "uza". Mimi nitakuchosha kidogo, univumilie.

Nimezaliwa kambi ya polisi. Baba alikuwa konstebo mpaka akastaafu, na Kiswahili nilikipata pale mabomani kabla sijajua Kilugbara cha bibi yangu. Leo ni ofisa wa probesheni, yaani uangalizi wa waliofikishwa mahakamani, na ustawi wa jamii katika wilaya moja ya huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kabla ya hapo nilikuwa mkalimani, na kabla ya ukalimani nilikuwa binti aliyefeli mtihani wa kuingia kitivo cha sheria Makerere. Siku majina yalipotoka nilishuka Wandegeya, nikanunua rolex mbili, zile chapati za kuviringia mayai, nikazila zote huku nalia, mwenye kikaango akanirudishia mia tano kwa huruma. Kwa hiyo hiyo milango unayoiulizia, miwili nimeigonga mwenyewe na wa tatu nimekulia nyuma yake.

Nikupe kesi moja kwanza. Nimebadilisha vitu vidogo ili mtoto asijulikane.

Ijumaa jioni, sokoni, kijana wa miaka 14 alikamatwa na simu ya mwenye duka mfukoni. Unajua watu wetu wakisikia "mwizi". Tairi lilikuwa limeshatafutwa. Aliyemtoa pale ni konstebo mmoja kijana, hana hata miaka miwili kazini, alimkumbatia yule mtoto akapokea mawe mgongoni mpaka kituoni. Konstebo huyohuyo, sasa akiwa kaunta, akatazama urefu wa mtoto akaandika "miaka 18", mtoto akalazwa na watu wazima. Mtu mmoja, usiku mmoja: ameokoa roho na amevunja sheria ya watoto. Simlaumu sana, hakuna aliyekuwa amemfundisha kuuliza.

Asubuhi akaingia afande wa dawati la watoto na familia, mama mmoja mpole mwenye daftari. Hakumuuliza mtoto umri. Alimuuliza, "Mtihani wa P7, wa darasa la saba, ulifanya mwaka gani?" Akahesabu kwa vidole, akanipigia simu. Katiba yetu kifungu cha 23 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na wikendi ilikuwa imeshaanza kuzila. Nikapanda bodaboda kwenda kwa bibi yake mtoto. Kadi ya chanjo tuliikuta ndani ya kopo la majani ya chai, imekunjwa mara nne, tarehe inasomeka. Jumapili usiku nikaandika ripoti yangu: anaishi na nani, shule aliiacha lini na kwa nini, nani kijijini yuko tayari kumsimamia. Jumatatu hakimu aliisoma kwa makini mpaka nikaona haya kwa makosa yangu ya tahajia. Wakili wa msaada wa kisheria alisimama kwa dakika kama nne tu, lakini dakika zile nne ndizo zilizozuia mtoto asirudishwe rumande. Mwenye duka alikuwa ameshapata simu yake. Mtoto akarudi kwa bibi, chini ya uangalizi wangu.

Haya, mwulize mdogo wako: katika hadithi hii, wewe ungependa kuwa nani? Wa Ijumaa jioni penye mawe, wa Jumatatu mbele ya hakimu, au wa Jumapili na kopo la chai? Na yupo wa miezi sita baadaye, anayekwenda kuangalia kama mtoto bado yuko shule. Huyo pia ni mimi, na hiyo ndiyo sehemu isiyo na shahidi wala makofi. Watu huchagua kazi hizi kwa jina, kumbe kila moja ina saa yake katika shida ya mtu, na saa usiyoiweza itakutesa hata ukilipwa vizuri. Mimi kelele za kituoni sikuziweza tangu utotoni, nikilala mlango wa pili kutoka mahabusu.

Sasa tuje kwenye kiwanja, maana hapo ndipo naogopa.

Shahada ya sheria ni miaka 4. Ukimaliza, hujawa wakili. Inabidi uende Law Development Centre, ile LDC, kwa kozi ya uwakili inayochukua karibu mwaka mzima, na ada yake ni nyingine kabisa. Zamani ilikuwa Kampala tu, sasa wana matawi Mbarara na Lira, na Lira kwetu watu wa kaskazini imepunguza angalau kodi ya chumba. Ukifaulu, unasubiri kuandikishwa kuwa wakili, halafu unaanza chini ya wakili mkubwa ukibeba mafaili. Nimeona familia zikiuza ardhi kwa ajili ya ile miaka 4, na mtoto anafika mlango wa LDC mkono mtupu. Anarudi nyumbani na shahada, kijiji kizima kinamwita "loya", na mahakamani haruhusiwi kusimama. Kama baba mdogo anauza, mwambie apige hesabu ya miaka 5 na zaidi, siyo ya muhula wa kwanza.

Jambo jingine: chuo kuwa na kibali cha serikali hakutoshi. Kitivo cha sheria chenyewe lazima kiwe kimeidhinishwa na Baraza la Sheria, la sivyo LDC haikupokei. Aulize kabla ya kulipa hata shilingi, aione barua, asitegemee bango la barabarani. Makerere ndiko nilikofanya mtihani wa kuingilia, ule ulioniliza. Gulu nao wana kitivo cha sheria, na ni karibu na kwenu kuliko Kampala.

Na kuna mlango wa nyuma ambao hakuna aliyeutaja humu. LDC hiyohiyo inafundisha diploma ya sheria, mwaka mmoja. Haikufanyi wakili, ila inakuingiza ofisi za mawakili na mashirika ya msaada wa kisheria, na ukifanya vizuri unaweza kuitumia kuombea shahada baadaye, ukiwa tayari unajua faili linafunguliwaje. Mahakama nayo huajiri makarani wakalimani. Mtu mwenye Kiswahili, Kikakwa na Kiarabu cha Juba, kama mdogo wako, ana mali mdomoni. Ningemtuma huko kabla ya kuuza chochote.

Polisi. Kuna njia mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuingia kama konstebo, kwa vyeti vya S4 au S6, mafunzo Kabalye kule Masindi. Ya pili ni kadeti, kwa wenye shahada, na huyo anaanza juu. Kijana wa S6 anayetamani nyota begani ajue kwamba akiingia leo kama konstebo, njia ya nyota ipo lakini ni ndefu. Baba yangu aliitembea miaka 27 akaishia sajenti, na alikuwa mtu mwenye furaha. Umri na masharti mengine hubadilika kwa kila tangazo, kwa hiyo asome tangazo la mwaka huo, asisome la mwaka juzi linalozunguka WhatsApp. Kitambulisho cha taifa, vyeti halisi, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, aviandae sasa, maana tangazo likitoka foleni kwa mwenyekiti hufika barabarani.

Kuajiriwa polisi ni bure. Naandika tena: bure. Kaka yangu alitapeliwa na bwana mmoja aliyejiita rafiki wa wakubwa, akatumiwa pesa za ng'ombe wawili kwa simu, akasema jina liko kwenye orodha. Orodha ilipobandikwa, simu yake ilikuwa imezimwa. Mzee wetu, polisi mstaafu, aibu ile ilimlaza kitandani wiki nzima.

Kiswahili huko ni faida kubwa. Kampala watu wanakicheka, wanakiita lugha ya askari na wezi, lakini kambini ndicho kinachotembea, na tangu marekebisho ya katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Zimamoto nao wako ndani ya polisi, kama kijana anapenda kuokoa kuliko kukamata.

Magereza nitapita haraka kwa sababu sijafanya kazi huko, nimeingia kama mgeni tu. Wana maofisa wa ustawi wanaofanya kazi karibu na yangu. Ila kama mama yenu anadhani gerezani hakuna kinachoota, mtajie Susan Kigula. Alihukumiwa kifo mwaka 2002. Kesi yake na wenzake zaidi ya 400 ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2009 majaji wakasema hukumu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima, jaji lazima apewe nafasi ya kupima. Yeye akiwa ndani ya gereza la Luzira alisoma sheria kwa masafa, kupitia Chuo Kikuu cha London, na akatoka mwaka 2016.

Sasa kazi yangu. Baada ya kufeli sheria nilisoma diploma ya maendeleo ya jamii, nikakaa nyumbani miezi minane, nikasikia Kyangwali, kwenye makazi ya wakimbizi, wanatafuta wakalimani. Mwaka 2018 watu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, walikuwa wanavuka Ziwa Albert na mitumbwi mpaka Sebagoro, na Kiswahili chao mwanzoni kilinipiga chenga. Wanasema "batoto", nami masikio yangu yamezoea "watoto". Siku moja mama mmoja akasema, "Alinifunga siku mbili." Nikaandika kwamba mume alimweka kizuizini. Ofisa wa ulinzi wa wakimbizi, mwanamke mzoefu kutoka Mbarara, akaniambia nimwulize tena, alimfunga vipi. Mama akanyanyua mikono, nikaona alama za kamba. Neno moja, na kesi ingekuwa nyingine kabisa. Tangu siku ile siandiki kitu kabla sijauliza "vipi?", na nadhani mafunzo yangu yote ya probesheni ni ule mkono wa yule mama.

Njia yenyewe ni hivi: kwa diploma unaweza kuwa msaidizi wa ofisa maendeleo ya jamii katika kata. Kwa shahada ya ustawi wa jamii, miaka 3, ndipo unaombea nafasi kama yangu. Chuo cha Nsamizi wanafundisha fani hizi tangu zamani, Makerere wana idara nzima. Ajira ni kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, ambayo hubandika tangazo kwenye mbao za ofisi na gazetini, na unajaza Fomu 3. Ile fomu inakera, inataka mpaka shule ya msingi, na kosa dogo linakutupa nje. Mimi niliijaza mara tano katika wilaya tatu. Mishahara haifanani na ya mashirika, lakini mashirika mradi ukiisha wanakushukuru kwa keki.

Ingekuwa ni mdogo wangu, kiwanja kingebaki kwanza. Ningempa miezi mitatu. Kila Jumatatu aende akakae mahakamani, nyuma kabisa, hakuna kiingilio. Milango iko wazi isipokuwa kesi za watoto. Ajitolee Red Cross, aone damu na mafuriko kabla hajavaa sare. Aombe kutembea siku mbili na ofisa maendeleo wa kata yenu, wengi hawakatai, wana upweke. Akirudi bado anataka polisi, mwacheni aende, na shahada ataisoma akiwa kazini. Nawafahamu watatu waliofanya hivyo, mmoja ni yule afande wa daftari. Akirudi anataka sheria, mkae na baba mdogo na kalamu, mwandike ada ya LDC juu kabisa ya karatasi.

Na mama yenu mwambie sabuni nimegawa kweli. Kyangwali, miche miwili kwa kila familia, jua la saa nane, mtu akichukua mche wa tatu nakimbizana naye. Foleni ile ndiko nilikomwona yule mama wa kamba: alipokea sabuni kwa ncha za vidole, viganja vimegeuzwa chini, ndipo nikamwomba apite ofisini.

Fomu 3 ikimsumbua, aniandikie, nina nakala niliyoijaza vibaya na niliyoijaza vizuri.