Messiah ya Handel kwa ajili ya kwaya: nunua hivi

Mkuu, umeuliza utaipata wapi Messiah nzima, ule utunzi mrefu wa kwaya na okestra wenye Haleluya, ya kulipia na kupakua, ili kwaya yenu ijifunzie Haleluya kabla ya Pasaka. Nipo Tabora, huku Ipuli, nafundisha kwaya, na rekodi tunazotumia nanunua kwa simu.

Malipo yasikuumize kichwa. Tengeneza kadi ya Visa ndani ya M-Pesa, weka hela ya albamu na ya makato, basi. Mimi napenda tovuti za lebo (kampuni za kurekodi muziki) zenyewe, kama Hyperion na Chandos za Uingereza. Unachagua MP3, faili dogo lililobanwa, au FLAC, kubwa lenye sauti kamili, na faili linabaki kwako hata bando likiisha. Kwa spika ya kanisani chukua MP3 ya kbps 320, inayokula kama MB 2.4 kwa dakika. Messiah inazidi saa mbili, kwa hiyo tenga MB 350 hivi. FLAC waachie wenye spika za maana.

Kazi ipo kwenye kuchagua rekodi. Ukiona imeandikwa Der Messias, hiyo ni ile Mozart aliyoipanga upya mwaka 1789, kwa Kijerumani. Tamu sana, ila soprano wako watabaki kukodoa macho. Halafu soma kama okestra inapiga ala za kale. Wengi wa hao hutyuni noti ya A kwenye Hz 415 badala ya 440 ya kinanda chenu, yaani karibu nusu toni chini. Haleluya imeandikwa kwenye D, lakini kwenye spika unasikia Db (D flati). Kwetu mpiga kinanda alianza kufuatilia nyaya akitafuta ubovu, huku waimbaji wa tenor wanachekelea maana zile noti za juu zimeshuka! Dawa ni kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha au kushusha sauti ya kinanda: weka -1, kinanda na rekodi vinakaa pamoja. Ila siku za mwisho kabla ya misa rudisheni kinanda kwenye 0, sauti zizoee pale mtakapoimbia.

Kununua wimbo mmojammoja sishauri. Haleluya inafunga sehemu ya pili, na mwalimu anatakiwa asikie kinachotangulia.

Nota usinunue kabisa, Handel alifariki 1759, hakimiliki yake imeshaisha, na IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni, wanazo bure. Chukua PDF yenye sauti nne na kinanda chini yake. Ile ya okestra nzima itawamalizia karatasi za steshenari.