Muulize Mpishi wa Mlimani: Sufuria Nyepesi, Ugali Mzito

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Likizo ijayo tunakwenda Usambara, walimu wanne, tutembee kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku nne, mizigo mgongoni, tukijipikia wenyewe. Mwenzetu mmoja ameona mtandaoni seti ya vyombo vya titaniamu: kisufuria cha mililita 750 na kikaango chenye mkono wa kukunja. Bei yake ni nusu ya mshahara wangu. Mama mkwe ananiambia nichukue sufuria za nyumbani niache ujinga. Nani yuko sahihi? Na tubebe sufuria ngapi?*
*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba mwalimu. Mama mkwe yuko sahihi, ila usikimbilie kumwambia kabla hujasoma mpaka chini, maana kuna mahali naye ameteleza.

Umeniuliza chombo, hukuniambia mtakula nini. Vile visufuria vya mtandaoni vimebuniwa kwa ajili ya watu ambao jioni wanachemsha maji, wanayamimina kwenye pakiti ya chakula kilichokaushwa, wanasubiri dakika kumi, wanakula humohumo kwenye pakiti. Kwa kazi hiyo titaniamu haina mpinzani. Lakini walimu wanne waliopanda na kushuka vilima vya Wasambaa kutwa nzima, jioni mtataka ugali.

Nina sababu ya kusema hivi. Nilipika Kilimanjaro miaka mingi, na mgeni mmoja wakati wa kuagana aliniachia kisufuria cha titaniamu, chepesi hata ukikishika unahisi umeshika karatasi. Safari iliyofuata, tulipofika Horombo, mita 3,720, nikataka kuwaringia wenzangu. Nikakiweka juu ya jiko dogo la gesi, lile linalofungwa juu ya kopo lake na kuwa na vidole vitatu vya kubebea chombo. Uji ukachemka vizuri. Nilipotia unga wa pili na kuanza kusonga, nikasikia harufu. Katikati ya kitako, mahali moto ulipogusa, pameungua duara jeusi la ukubwa wa kifuniko cha chupa, na pembeni unga bado mbichi. Nikaongeza nguvu kwenye mwiko, kidole kimoja cha jiko kikateleza, na ugali wote ukaenda chini, ukatua kwenye kokoto. Kunguru wa Horombo, wale wenye baka jeupe shingoni, walikuwa wanne. Hawakusubiri kukaribishwa. Wagumu, yaani wapagazi wetu, walinitania mpaka tunashuka getini.

Kosa halikuwa la kisufuria, lilikuwa la kwangu. Titaniamu haisambazi joto: alumini hulisambaza zaidi ya mara kumi kuliko yenyewe. Tena watu husahau kwamba ukichukua vipande viwili vya ukubwa mmoja, cha titaniamu ndicho kizito kuliko cha alumini. Chombo chake huwa chepesi kwa sababu madini hayo ni magumu, basi kiwanda kinaweza kuyafanya membamba sana. Wembamba huohuo ndio unaokuunguzia ugali. Stenlesi nayo haisambazi joto vizuri, na juu ya hapo ni nzito. Faida yake ni uimara: utaisugua kwa mchanga, utaiangusha, itaishi. Kwa safari yenu siibebi.

Kwa hiyo alumini. Sasa mama mkwe alipoteleza: hakukwambia sufuria ipi. Sufuria ya nyumbani mara nyingi ni kubwa kuliko haja, na mfuniko wake una uzito wa kushangaza. Nenda na mizani ya jikoni, au umwombe muuza duka akupimie. Yangu ya safari ina upana wa sentimita 22, inachukua lita 3 na nusu hivi, na bila mfuniko haifiki nusu kilo. Humo nasonga robo tatu ya kilo ya unga, watu wanne wanashiba na nafasi ya kugeuza mwiko inabaki. Ndani yake inaingia ya pili, ya lita moja na nusu, ya mboga, na asubuhi ni ya chai. Hizo mbili basi. Ya tatu mtaibeba siku nne na kuiosha mara moja.

Mifuniko iacheni nyumbani. Chukueni sahani za alumini zilizo pana kuliko mdomo wa sufuria. Ikifunika inakuwa mfuniko, ikigeuzwa inakuwa sahani. Lakini msipike bila kufunika, gesi yote itaishia hewani. Sufuria zetu hazina mikono, na watu wengi hutegemea kitambaa. Mkiwa kwenye mteremko, upepo unavuma na maji yanatokota, kitambaa kinakuwa na tabia ya kuingia motoni. Bebeni koleo ndogo ya kushikia ukingo wa sufuria. Ndicho chuma pekee ninachobeba bila kunung'unika.

Ile alumini ya kijivu iliyokolea, iliyopitishwa kwenye umeme na dawa ikajenga ngozi ngumu, ni nzuri zaidi kama mfuko unaruhusu, hasa mkipenda mchuzi wa nyanya au ukwaju, kwa kuwa alumini tupu huwa inachokozwa na vitu vichachu. Kama mna ya kawaida, pikeni nyanya humo na mle, ila kiporo msikilaze ndani ya sufuria. Kikaango kisichogandisha wala sikizungumzii. Mtakikwaruza kwa mwiko siku ya kwanza.

Jiko ndilo litakaloamua kama ugali utasimama. Tafuteni lile la miguu mipana, linalokaa chini na kuunganishwa na kopo la gesi kwa mpira. Linazidi kidogo uzito lile la kuvika juu ya kopo, lakini mnaposonga, mmoja anashika sufuria kwa koleo na mwingine anasonga, na hakuna kinachocheza. Mkilazimika kutumia lile la juu ya kopo, pikeni wali au tambi, na msilizungushie bati la kuzuia upepo pande zote: kopo likipata joto sana linaweza kulipuka. Kopo lenye gramu 230 za gesi linaingia ndani ya ile sufuria ndogo, na kiberiti juu yake. Na kuni msiguse ndani ya msitu wa Magamba, ule ni hifadhi.

Nikuongezee moja ambalo halijaulizwa. Njia yenu inapita vijijini: Lukozi kuna viazi, karoti na kabichi kuliko mnavyoweza kula, Rangwi kuna masista wanaopokea wageni. Msibebe mboga kutoka Morogoro. Unga, dagaa, chumvi, mafuta kidogo kwenye chupa ya dawa iliyooshwa vizuri, majani ya chai. Vingine nunueni njiani. Nimeona vijana wakihangaika kupunguza gramu 100 za sufuria huku mfukoni wana kilo tatu za vitunguu.

*Mzee, habari. Niko Nanyuki. Mimi na dadangu tunapanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon na hatuwezi kuishi bila githeri. Tubebe presha kuka?*
*Msichana wa githeri*

Mwanangu, nimecheka, lakini swali ni la maana. Kila mnapopanda mita 300, maji yanachemka kwa nyuzi joto pungufu kwa takriban moja. Kambi ya Shipton, mtakapolala njiani, iko kwenye mita 4,200 hivi, na huko maji yanatokota kwenye nyuzi 86 hivi. Yataruka na kupiga kelele, lakini maharagwe yatabaki yanakutazama. Kwa hiyo presha kuka inasaidia kweli, na wapishi wa makundi makubwa huwa nayo. Wao wana wagumu wa kuibeba. Nyinyi ni wawili na migongo yenu.

Chemsheni githeri nyumbani mpaka iive kabisa, mwageni supu, muile usiku wa kwanza tu. Usiku wa pili pikeni kamande nyekundu zilizopasuliwa: zilowekeni asubuhi kwenye chupa ya maji yenye mdomo mpana, zitembee nanyi kutwa, jioni zitaiva kwenye sufuria moja ya lita moja na nusu. Kwa watu wawili hiyo inatosha.

*Anko, sufuria zangu za kambi zimekuwa nyeusi kwa moshi wa kuni na zinachafua begi zima. Zaidi ya hapo zinagongana njia nzima.*
*Kijana wa Skauti, Tanga*

Kabla ya kuinjika motoni, ipake sufuria kwa nje majivu yaliyokorogwa na maji kidogo, kama bibi yako alivyokuwa akifanya. Masizi yatashika majivu, na yote yatatoka kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa hichohicho kikikauka, kikunje ukiweke katikati ya sufuria mbili. Kelele itakwisha.