Ukienda kwa fundi wa viti vya chuma, nenda na penseli

Wewe mbunifu unayetaka kutengeneza viti vya chuma, usimpelekee fundi mchoro uliokwisha. Mimi nilipeleka wa namna hiyo Gerezani, Dar es Salaam: kiti cha bomba la milimita 25, limekunjwa kutoka mguuni hadi mgongoni bila kiungo. Mzee wa karakana aliutazama, akaweka kidole kwenye kona.

"Dada, hapa litabonyea."

Hakubishana. Alichukua kipande cha bomba akakikunja nilivyochora, kikabonyea kwa ndani kama chupa ya maji iliyokanyagwa. Cha pili akakijaza mchanga mkavu, akaushindilia, akaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, akakikunja taratibu kwa kona pana zaidi. Kikatoka laini. Kona ile ndiyo sura ya kiti chetu leo, na ni nzuri kuliko yangu.

Hata Marcel Breuer, mbunifu wa samani, alipobuni kiti chake cha bomba Ujerumani mwaka 1925, wazo alilipata kwenye usukani wa baiskeli. Watengeneza baiskeli walishajua kukunja bomba.

Siku hizi tunachora pamoja sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa halisi: kikalio sentimita 45 kutoka chini, kikiinama kidogo kwa nyuma. Fundi analaza bomba juu ya mstari, kosa linaonekana kabla halijachomelewa.

Na usimharakishe. Niliwahi kuagiza viti sita kwa pupa, vitatu vikayumba. Chuma kilichochomelewa kikipoa hujivuta, na mguu mmoja ulikuwa umemalizwa kabla mwingine haujaguswa. Shikizeni kwanza viungo vyote kwa nukta ndogo za kuchomelea, mpime kona kwa kona kimshazari. Vipimo vikilingana ndipo mchomelee, mkihama upande hadi upande. Kwa hewa yetu ya chumvi, ncha za bomba zizibwe, na rangi ya kuzuia kutu itangulie.

Sampuli ilipie kama kazi kamili. Hapo ndipo fundi anapotumia akili yake yote kwa ajili yako.

Sampuli yetu ya kwanza imebaki karakanani. Mzee huikalia akinywa chai, na juzi alinionyesha mahali inapomkera mgongoni. Jumamosi tunaikunja upya.