Je, ni mvuke ulioiponza ndege ya Mitchell?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa magari hapa Changamwe. Nimesikia kwamba kabla ya Spitfire, ile ndege mashuhuri ya kivita ya Uingereza, mbunifu wake aliwahi kuunda ndege nyingine ya kivita ambayo injini yake ilipozwa kwa mvuke, na kwamba mvuke huo ndio ulioiponza. Kwetu sisi mafundi, rejeta ikitoa mvuke ujue gari limekwama. Iweje mhandisi mzima autegemee? – Fundi, Changamwe

JIBU: Ndugu fundi, ndege unayoiulizia ni Supermarine 224 ya R. J. Mitchell, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 19 Februari 1934. Iliundwa moja tu.

Wazo la mvuke lenyewe halikuwa upuuzi. Rejeta ya kawaida haina budi kupigwa na upepo, na upepo huohuo ndio unaoivuta ndege nyuma. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi mno kuliko yanapopashwa tu, kwa hiyo injini ya Rolls-Royce Goshawk, yenye nguvu za farasi zipatazo 600, iliachwa iyachemshe maji yake. Mvuke ulipelekwa kwenye ukingo wa mbele wa mbawa, ambako bati lililopigwa na upepo baridi liliugeuza kuwa maji tena, kama unavyoyaona matone chini ya mfuniko ukifunua sufuria ya wali. Maji hayo yaliteremka hadi kwenye vifuniko vya magurudumu, kisha pampu ikayarudisha juu.

Taabu ilianzia kwenye pampu. Maji yaliyokaribia kuchemka, yakivutwa na pampu, hupungukiwa na mgandamizo na kugeuka mvuke papo hapo, na pampu hubaki ikizunguka bila kusukuma kitu. Rubani aliyepanda kwa nguvu zote ilimlazimu kuilaza ndege sawa ili injini ipoe, jinsi madereva wa malori wanavyopumzisha injini kwenye mlima wa Mazeras. Ila dereva wa lori hafukuzi adui.

Hata hivyo, naona mvuke umetwishwa lawama zisizo zake zote. Masharti ya Wizara ya Anga ya Uingereza, yaliyoitwa F.7/30, yalitaka ndege itue kwa mwendo mdogo, na Mitchell akaipa mbawa nene zenye urefu wa karibu mita 14 kutoka ncha hadi ncha, pamoja na magurudumu yasiyokunjwa. Ilifikia kilomita 367 kwa saa, ilhali ndege yake ya mbio, S.6B, ilikwisha kuvuka 650 mwaka 1931. Hata pampu zingefanya kazi barabara, mwili ule usingekwenda mbali. Kandarasi ilichukuliwa na Gloster Gladiator, yenye mbawa za tabaka mbili na injini ya kupozwa kwa hewa: mashine ya kizamani, lakini haikumsumbua mtu.

Ile 224 iliishia kuwa shabaha ya mazoezi ya kulenga. Mitchell aliirudia michoro yake, akapunguza mbawa hadi mita 11 na ushei, akakunja magurudumu, na tarehe 5 Machi 1936 Spitfire ya kwanza ikaruka kutoka Eastleigh kwa injini ya Merlin. Chini ya bawa lake la kulia palikuwa na rejeta iliyoipoza glaikoli, kulanti ileile unayoijua wewe, ambayo huchemka kwa joto kubwa kuliko maji.