Maswali Yenu: Mbona Kinamasi Kinang'aa Kwenye Picha ya Rada?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu picha za setilaiti: mafuriko, vinamasi, mashamba yanayosogea. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nimechagua barua nne, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu wengi wanakwama hapo hapo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa jiografia na ninaandika utafiti kuhusu mafuriko katika bonde lenye kinamasi. Picha za Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya, za wiki ile ya mafuriko zote ni mawingu. Rafiki yangu akanielekeza kwenye rada ya setilaiti mwenzake, Sentinel-1. Mto umetoka mweusi, nami nilitarajia hivyo. Lakini kinamasi cha mafunjo, ambacho najua kilizama, kimetoka cheupe kuliko hata nchi kavu. Je, picha imeharibika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha yako ni nzima, na huo weupe uliokutia shaka ndiyo habari kubwa kuliko zote zilizomo.

Sentinel-2 hutegemea mwanga wa jua. Mafuriko huja na mvua, na mvua huja na mawingu, kwa hiyo siku unayoihitaji picha kuliko zote ndiyo siku usiyoipata. Rada haingojei jua. Sentinel-1, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hutuma mawimbi yenye urefu wa sentimita 5.6 hivi. Mawimbi hayo hupita mawinguni usiku na mchana, na mtambo hupima mwangwi unaorudi. Usiitazame kama picha ya rangi, basi. Kila pikseli (kijisehemu kidogo kabisa cha picha) iulize: wimbi liligonga nini hapa, na likaelekea wapi?

Rada hutazama ardhi kwa mshazari. Maji yaliyotulia ni laini, kwa hiyo wimbi likiyagonga huteleza kwenda mbele, kama mwanga wa tochi unaomulika kioo kilicholazwa sakafuni: unaishia ukutani upande wa pili, kwako haurudi. Ndiyo maana mto ni mweusi. Nchi kavu ina mabonge, nyasi na majani. Hutawanya wimbi kila upande, kiasi fulani kinarudi, na picha inakuwa ya kijivu. Sasa fikiria mashina yaliyosimama wima ndani ya maji. Wimbi linagonga maji, linadunda hadi kwenye shina, na shina linalirudisha kule kule lilikotoka. Mwangwi unakuwa mkubwa, na kinamasi kinang'aa kwa sababu kimefurika.

Ukishika kanuni ya "peusi ndipo penye mafuriko" peke yake, utapata mto na mashamba yaliyo wazi, na kinamasi chote utakiacha nje. Nimeshika mikononi ramani nyingi za mafuriko zenye tundu katikati, mahali hasa ambapo maji yalikuwa mengi zaidi. Inaniuma, kwa sababu ramani kama hizo hutumika kuamua ni wapi msaada uende.

Fanya hivi. Tafuta picha ya kabla ya mvua na picha ya mafuriko, zote zilizopigwa setilaiti ikipita njia ile ile na ikitazama upande ule ule. Pembe ikibadilika, mwangwi nao hubadilika hata kama ardhi haikubadilika. Kisha tafuta mabadiliko ya aina mbili: palipokuwa kijivu pakawa peusi, na palipokuwa kijivu pakang'aa. Mara nyingi Sentinel-1 hukupa picha mbili kwa pamoja: VV (wimbi hutumwa na kupokelewa likiwa la wima) na VH (hutumwa la wima, hupokelewa la mlalo). Mng'ao wa mashina ndani ya maji huonekana vizuri zaidi kwenye VV. Upepo ukiyavuruga maji, VV hiyo hiyo hudanganyika na kuyaonyesha kama nchi kavu, kwa hiyo linganisha na VH kabla hujaamua. Mchanga mkavu, lami na vivuli vya milima navyo hutoka vyeusi. Ramani ya miinuko itakusaidia kuondoa vivuli. Mchanga na lami utavigundua kwa kuwa vilikuwa vyeusi hata kabla ya mvua.

Mafunjo yakiwa mazito sana, wimbi la sentimita 5.6 huishia kwenye vichwa vyake bila kuyafikia maji. Hapo unahitaji wimbi refu, la sentimita 24 hivi, lililotumiwa na setilaiti ya Japani ALOS kati ya 2006 na 2011, na sasa na NISAR, ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025. Na kama kuna mtu anayeishi kando ya kinamasi hicho, mwulize maji yalifika wapi siku ile ya picha. Nasema siku ile ya picha, kwa sababu kesho yake huenda yalikuwa mahali pengine.

SWALI: Ndugu mwandishi, kikundi chetu cha kutunza kinamasi kimeletewa ramani mbili. Moja inasema kinamasi kimepungua kwa theluthi, nyingine inasema kimeongezeka. Zote zimetokana na setilaiti. Tumwamini nani?

JIBU: Msimwamini yeyote kwanza. Waulizeni wote wawili tarehe za picha walizotumia, siku na mwezi, mwaka peke yake hautoshi. Picha ya mwisho wa masika ikilinganishwa na picha ya mwisho wa kiangazi, kinamasi kitaonekana kimekufa hata kama hakuna aliyekigusa. Picha moja ya zamani na moja ya sasa hazitoshi kusema kitu kimepungua. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa maji ya dunia nzima uliotumia picha milioni tatu za Landsat, setilaiti za Marekani, za kuanzia 1984 hadi 2015. Ulionyesha kwamba karibu kilomita za mraba 90,000 za maji ya kudumu zilitoweka, na 184,000 za maji ya kudumu zikatokea kwingine, nyingi zikiwa mabwawa yaliyojengwa. Nguvu yake ilikuwa kupitia picha za misimu yote, hata ikawezekana kutenganisha maji ya kudumu na maji ya msimu. Lakini ramani zake ni za maji yaliyo wazi. Maji yaliyojificha chini ya matete hayamo, kwa hiyo asije mtu akawaletea hizo na kusema ndizo mipaka ya kinamasi chenu.

Swali la pili muwaulize: kwenu kinamasi ni nini? Mkataba wa Ramsar wa 1971, wa kulinda ardhi oevu duniani, una tafsiri pana mno, hadi mashamba ya mpunga yanahesabika kuwa ardhi oevu iliyotengenezwa na binadamu. Aliyehesabu mpunga ataona ongezeko. Aliyehesabu uoto wa asili peke yake ataona upungufu. Nadhani hapo ndipo ramani zenu zilipoachana. Kwa picha moja, mpunga uliokomaa na majani ya kinamasi hufanana sana. Ukifuatilia mwaka mzima hutengana: shamba linajazwa maji na kuwa jeusi kwenye rada, mpunga unainuka na mwangwi unapanda, kisha unavunwa na kila kitu kinashuka ghafla, mara nyingi kwa mistari iliyonyooka ya majaruba. Kinamasi cha asili hakina mshuko huo wa siku chache, labda kikichomwa moto.

Mwishoni, ombeni jedwali la makosa, linaloonyesha ramani ilipatia wapi na ilikosea wapi. Mtu akiwaambia ramani yake ina usahihi wa asilimia 95, mwulizeni ni usahihi wa nini. Kama kinamasi ni asilimia 5 ya eneo lililopimwa, ramani isiyoonyesha kinamasi hata kimoja itakuwa sahihi kwa asilimia 95! Dai usahihi wa kinamasi chenyewe, uliopimwa kwa sehemu zilizokaguliwa kwa miguu.

SWALI: Je, setilaiti inaweza kusema mafuriko yana kina gani?

JIBU: Picha hukupa ukingo wa maji. Kina unakikadiria kwa kuulinganisha ukingo huo na ramani ya miinuko ya ardhi, na kwenye nchi tambarare kosa dogo la mwinuko ni kosa kubwa la kina. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hupima urefu wa uso wa maji yenyewe kwa rada, lakini chini ya uso huo haioni. Kumbuka pia kwamba kilele cha mafuriko mara nyingi hupita kati ya picha na picha. Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019; picha mashuhuri ya Sentinel-1 iliyoonyesha maji yametanda mabondeni ni ya tarehe 19.

SWALI: Nina miaka zaidi ya sabini. Kinamasi nilichokijua ujanani leo ni mashamba, na vijana hawaniamini. Je, kuna picha ya wakati ule?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Huenda ipo. Landsat ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Julai 1972, ikiwa na kihisi kilichobuniwa na mhandisi Virginia Norwood. Mwaka uliofuata tu picha zake zilitumika kupima mafuriko makubwa ya mto Mississippi. Pikseli zake zilikuwa za mita 80 hivi, kwa hiyo kinamasi kikubwa kitaonekana, kijito kitapotea. Kuanzia Landsat 5 ya mwaka 1984 utapata pikseli za mita 30. Sehemu nyingi za dunia zina miaka mitupu humo katikati, kwa kuwa hapakuwa na kituo cha karibu cha kupokea picha, basi usikate tamaa mwaka mmoja ukikosekana. Tangu 2008 picha hizi hutolewa bure.

Za kabla ya Landsat zipo pia. Setilaiti za kijasusi za Marekani zilizoitwa Corona zilipiga picha kati ya 1960 na 1972, na siri yake ilifunguliwa 1995. Ni nyeusi na nyeupe, lakini nyingine ni kali kuliko Landsat yoyote.

Mwombe kijana anayejua kompyuta akutafutie hizo, azichape kwenye karatasi kubwa, nawe uchore kwa kalamu mpaka wa matete unavyoukumbuka. Kwenye kila alama andika ni msimu gani ulipaona hivyo, masika au kiangazi, ili mchoro wako ulinganishwe na picha ya msimu huo huo.