Ukuta Wangu wa Nje Kigamboni, Baada ya Kupakwa Rangi Mara Tatu

Ukuta wa sebule yangu unaotazama bahari umepakwa rangi mara tatu katika miaka sita, na mara mbili za mwanzo fedha yangu ilikwenda na maji, tena si kwa mafumbo. Nyumba iko Kigamboni, Dar es Salaam, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ufukweni, na imejengwa kwa tofali za saruji za inchi sita kama nyumba nyingi za mtaa huu. Sikubana matumizi wala sikuwa na haraka. Kosa langu lilikuwa kuchagua umaliziaji wa nje kwa kutazama picha kwenye simu, bila kujiuliza ukuta wenyewe unapata maji kutoka wapi na unayatolea wapi.

Fundi wa kwanza alisawazisha lipu ya nje kwa unga wa jasi (jipsamu), ule ule aliokuwa ametumia vyumbani, kwa kuwa unateleza vizuri na ukuta hutoka laini kama sahani. Ilipofika Aprili, masika yakiwa yamekolea, rangi ilianza kutoa malengelenge chini ya dirisha. Nilitoboa mojawapo kwa ncha ya ufunguo, ukamwagika uji mzito mweupe uliokuwa umejificha nyuma ya rangi ambayo kwa nje ilionekana nzima. Jasi ikikaa kwenye unyevu hulainika na kuachia, kwa hiyo mahali pake ni ndani. Anayetaka ukuta wa nje uwe laini atumie puti ya saruji, na aione mifuko kwa macho yake kabla haijafunguliwa, kwa sababu zikishakorogwa zote ni nyeupe.

Mara ya pili nikaamua kuwa mjanja. Nilikwangua, nikapiga rangi ya mafuta, nikiamini kwamba ukuta ukizibwa kabisa maji hayataingia. Haikumaliza mwaka. Safari hii ilibanduka kwa vipande vikubwa, kuanzia usawa wa goti kushuka chini, na nyuma yake lipu ilikuwa ikimong'onyoka kama mkate uliolala.

Fundi wa tatu, mtu mzima aliyekuwa kwenye kazi ya uashi tangu ujana wake, hakuanza na rangi. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye unga mweupe uliotanda juu ya lipu iliyomong'onyoka, akakilamba. "Onja, mama," akaniambia. Nikaonja, ilikuwa chumvi. "Hii haikuletwa na upepo peke yake. Nyingine umeinunua mwenyewe ndani ya mchanga. Ukuta wako unakunywa maji chini na kutapika chumvi juu, na wewe umeuziba mdomo."

Maelezo yake ndiyo yaliyonigharimu kuyapata, kwa hiyo nayaeleza kwa kirefu. Tofali la saruji na lipu vina vitundu vidogo vinavyovuta maji kutoka ardhini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Maji yanayopanda hubeba chumvi, na yanapofika usoni mwa ukuta na kukauka, chumvi hubaki, hugeuka chembe ngumu, hutanuka na kusukuma kila kilicho mbele yake. Kinga ya kwanza ni karatasi ya nailoni nzito inayotandazwa juu ya msingi kabla ya kuanza kupanga tofali, ambayo kwangu iliwekwa vipande vipande. Kinga ya pili ni mchanga usio na chumvi. Ya tatu ni umaliziaji unaoruhusu ukuta kupumua, ili unyevu uliokwisha kuingia upate njia ya kutoka.

Wazee wa mji huu walilijua hilo. Boma la Kale, lililojengwa katika miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, lina kuta za mawe ya matumbawe zilizounganishwa na kupakwa kwa chokaa, na bado limesimama mkabala na bandari. Chokaa haizibi, hupitisha unyevu, na inapochakaa hupakwa upya bila kuumiza jiwe. Sisemi kila mtu arudi kwenye chokaa, ila fundi wangu alichanganya kiasi kidogo chake kwenye lipu mpya, saruji moja kwa mchanga wa mto tano, baada ya kung'oa lipu ya zamani kwa urefu wa mita moja na kuacha tofali wazi kuanzia Juni hadi Septemba zikauke. Lipu ilimwagiliwa maji siku saba, ikasubiri mwezi mzima, ndipo ikapakwa rangi ya nje ya akriliki, yaani ya maji badala ya mafuta.

Kuhusu mapambo mengine, maoni yangu ni haya. Mawe na tailizi ni imara, ila hung'ang'ania tu kadiri gundi na lipu ya nyuma zilivyo nzima. Kwenye ukuta unaotapika chumvi zitaanguka, na tailizi inayoanguka kutoka ghorofani ni jambo la hatari. Rafukasti, yaani lipu ya kurushiwa yenye uso wa kukwaruza, haina mvuto kwa vijana, lakini inaficha nyufa ndogo na inavumilia mvua, ingawa inashika vumbi. Mbao za mninga au mtiki hupendeza kwenye baraza iliyofunikwa, mradi zifungwe kwa skrubu zisizoshika kutu, ziachiwe nafasi ya hewa nyuma, na uwe tayari kuzipaka mafuta mara kwa mara. Zile paneli za plastiki zenye mifereji zinazouzwa Kariakoo, nyingi ni za ndani, na jua la mchana huzipausha na kuzipinda. Mabamba ya ukutani tunayoyaona kwenye nyumba za Marekani ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa kule nyumba nyingi zina fremu ya mbao na bamba ndilo ngao yake dhidi ya mvua, ilhali sisi ngao yetu ni tofali lenyewe.

Nina neno pia kwa wanaopenda paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Nyumba hizo ni nzuri, lakini zimenyang'anywa upenu, na upenu wa sentimita sitini hulinda ukuta kuliko ndoo yoyote ya rangi. Ukishaamua kuufuta, basi juu ya ukuta weka kofia ya zege yenye mteremko na mfereji mdogo chini ya ukingo wake, ili maji yadondoke mbali na ukuta badala ya kuteremka nao yakichora mistari myeusi.

Kabla hujanunua chochote kwa nyumba nzima, mwambie fundi amalizie mita moja ya mraba kwenye ukuta unaopigwa zaidi na mvua, kisha uache masika moja ipite. Kipande changu cha majaribio kiko nyuma ya jiko, karibu na tanki la maji. Nusu ni rangi, nusu ni mawe membamba niliyoyatamani sana. Mawe mawili yamekwisha kudondoka, na niliyaokota nikayaweka chini ya mtungi wa maua.